Tuitishieni mkutano: Barua ya wazi kwa wenyeviti wa mitaa ya Dar es Salaam

Ndugu wenyeviti,

Nawaandikia ninyi, si mkuu wa mkoa, si meya wala waziri wa TAMISEMI, kwa sababu ninachoomba kimo ndani ya uwezo wenu na hakingoji bajeti wala zabuni. Naomba muitishe mkutano mkuu wa mtaa. Uitishwe siku ambayo watu wapo nyumbani, msome mapato na matumizi, wakazi waseme yaliyo moyoni, na mtendaji ayaandike kama yalivyosemwa. Hilo tu. Yanayofuata ni sababu zangu, na nimeona niziweke hadharani kwa kuwa ninyi ni wengi na mimi siwezi kubisha hodi kila ofisi.

Kwanza niseme ninachokijua kuhusu kazi yenu, maana wengi wanaowalaumu hawajawahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa asubuhi nzima. Mlango unapofunguliwa benchi limeshajaa: binti anayetaka barua ya utambulisho apeleke benki, mzee anayekwenda kumdhamini mjukuu wake mahakamani, mama aliyetolewa na mwenye nyumba usiku na virago vyake viko kwa jirani, vijana wawili wanaogombania sehemu ya kuweka banda la chipsi. Mwenyekiti hana mshahara. Ana posho, ana muhuri, ana kidau cha wino wa bluu na daftari la wageni lililokunjamana pembe. Usiku anaamshwa mwizi akikamatwa, ili awahi kabla watu hawajamwaga petroli. Alfajiri anaamshwa kwa msiba. Hakuna kiongozi katika nchi hii anayewajua wananchi wake kwa majina kama ninyi. Mbunge akitaka kujua nani amefiwa, anawapigia ninyi.

Kwa hiyo siandiki kwa dharau. Naandika kwa sababu mtaa ndiyo serikali pekee ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuifikia kwa miguu, akiwa amevaa kandambili, bila kupanga foleni getini wala kuacha kitambulisho mapokezi.

Ofisi mnayoikalia ina umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Wazazi wetu waliishi chini ya mjumbe wa nyumba kumi, balozi wa TANU na baadaye CCM, ambaye alikuwa chama na serikali kwa wakati mmoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ikabidi serikali iwe na mlango wake, na mwaka 1994 tukapiga kura ya kwanza ya kuchagua wenyeviti wa mitaa. Mjumbe wa shina yupo hadi leo na ana heshima yake, lakini ni wa chama. Ninyi ni wa kila mtu anayelala ndani ya mipaka ya mtaa, mwenye kadi na asiye na kadi.

Juu yenu mabaraza yamekuja na kuondoka. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima kwa jina la madaraka mikoani, huduma za mijini zikadorora mpaka mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, ikaja Tume ya Jiji iliyokaa hadi mwaka 2000, tukapewa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Katika mapinduzi yote hayo ya tangu 1994, mtaa umebaki palepale. Aliyekuwa na shida Manzese au Mbagala aliendelea kwenda ofisi ileile, kwa mwenyekiti yuleyule.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani wengi wenu mmeambiwa nusu yake kwenye semina. Kijiji kina nguvu ambazo mtaa hauna. Chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 kijiji kinasajiliwa, na halmashauri yake inaweza kushtaki na kushtakiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi ardhi iisimamie, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli juu ya ardhi hiyo. Mtaa, ulio chini ya Sheria Namba 8 ya mwaka huohuo wa 1982, hauna hayo. Hamgawi ardhi. Barabara za ndani ni za TARURA, maji ni ya DAWASA, umeme ni wa TANESCO, viwanja ni vya manispaa na wizara. Mtu akiitazama orodha hiyo haraka atasema mtaa ni muhuri tu.

Lakini mmebakiwa na kitu kimoja ambacho wakubwa hao wote hawana: uwezo wa kuwakusanya wakazi mahali pamoja, wakakubaliana au wakakataa, na neno lao likaandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari huo unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na ninyi ni wajumbe, na kutoka hapo unapanda manispaa. Mtaa usio na muhtasari hauna ombi lolote mezani. Una malalamiko, na malalamiko katika jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022 hayana mwisho wala mpokeaji. Ndiyo maana nasema mkutano si mapambo ya utawala bora. Kwa mtaa wa mjini, mkutano ndiyo nguvu yote iliyopo, na usipoitishwa hakuna kingine cha kushika.

Tazameni sasa mikutano yetu ilivyo. Tangazo linapita kwa bajaji yenye kipaza sauti asubuhi ya siku ileile, Jumanne, mkutano saa nne. Saa nne ya Jumanne mama lishe yuko motoni, kondakta yuko Mbezi Mwisho, fundi yuko saiti, muuza mitumba yuko Karume. Wanaokuja ni wazee, akina mama wachache wenye watoto mgongoni na vijana wasio na kibarua siku hiyo. Viti vya plastiki vimekodiwa kwa ajili ya meza kuu, sisi wengine tumesimama kivulini. Anaanza mgeni kutoka manispaa, anafuata mgeni kutoka kwenye mradi, anafuata diwani kuwashukuru wageni. Shida za wakazi zimewekwa kwenye “mengineyo”, na mengineyo yanafikiwa adhuhuri ikiadhiniwa. Mapato na matumizi tunaambiwa yatasomwa mkutano ujao.

Halafu kuna ile karatasi. Naomba mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Inapita mkono kwa mkono mwanzoni mwa mkutano: namba, jina, simu, sahihi. Tunaambiwa ni ya mahudhurio, na tunasaini, kwa sababu kweli tumehudhuria. Baadaye karatasi hiyohiyo inabanwa nyuma ya ripoti ili ithibitishe kwamba wananchi walishirikishwa na wakaridhia: eneo la wazi lipewe mtu ajenge, njia ifungwe, taka ziwekwe kwa muda nyuma ya shule. Jirani yangu mmoja aliikuta sahihi yake kwenye waraka wa jambo ambalo alisimama kulipinga. Alisimama, akasema, watu wakampigia makofi. Maneno yake hayakuandikwa popote. Sahihi yake ilikuwapo. Tangu siku hiyo haendi mkutanoni, na simlaumu hata kidogo. Kabla hamjasema kwamba wananchi wa siku hizi hawapendi mikutano, ulizeni ni wangapi waliokatishwa tamaa kwa njia hiyo.

Dawa yake ni nyepesi. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kabisa kwamba ni ya mahudhurio tu. Uamuzi upigiwe kura ya mikono na mikono ihesabiwe, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi, na hoja za waliokataa ziingie kwenye muhtasari. Muhtasari usomwe mwanzoni mwa mkutano unaofuata. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ubao ambao katika mitaa mingi umebaki na tangazo la chanjo la zamani na namba ya simu ya dalali.

Jiji hili limelipa gharama kubwa kwa kutowasikiliza wakazi mapema. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40, na waathirika wa Bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 tingatinga liliingia bonde la Mkwajuni, Kinondoni, na nyumba zilizopigwa X zikaanza kuangushwa familia zikiwa bado zinatoa magodoro. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Leo bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kaya nyingi zimelipwa fidia zikahama. Katika kila tukio kati ya hayo kuna kesi, kuna hoja za kitaalamu, kuna machozi, na barua moja haiwezi kuyabeba yote.

Ila kuna jambo moja linalowahusu ninyi moja kwa moja. Nyumba ya bondeni haioti usiku kama uyoga. Kiwanja kinauzwa kwanza, na karatasi ya mauziano inagongwa muhuri kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Ziko ofisi zilizochukua asilimia kumi ya bei ya kiwanja kwa ajili ya muhuri huo, mchezo ambao viongozi wa serikali wameukemea tena na tena kwamba hauna msingi wa kisheria. Mnunuzi akaondoka akiamini amenunua mbele ya serikali. Mauziano yale yangetajwa kwenye mkutano wa mtaa kabla ya muhuri kugongwa, angesimama mzee mmoja na kusema: mwanangu, hapo ndipo maji yanapopita. Wazee wanajua maji yanapopita. Wanajua mto ulikokuwa kabla ya watu kujaza kifusi, na wanajua ni mvua ya mwaka gani iliyofika dirishani. Hawaulizwi.

Walipoulizwa, jiji hilihili lilipata faida. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walikuwa na chama chao cha maendeleo. Walichangia sehemu ya gharama, na kazi ya kuchimba mitaro na kutengeneza njia za mtaa ikafanywa na wakazi wenyewe kwa ujira, wanawake na wanaume, kwa ushauri wa Shirika la Kazi Duniani na wadau wengine. Hela ya mradi ilizunguka mtaani badala ya kuondoka na mkandarasi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka Tandale pamoja na wenyeji, kichochoro kwa kichochoro, wakachora ramani ya sehemu ambayo kwenye ramani nyingi ilikuwa nyeupe tupu. Kuanzia mwaka 2015 kazi hiyo ikaenea kwenye kata nyingine zinazofurika kupitia Ramani Huria, na vijana wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza maji yalifika wapi, magotini au kiunoni, na mtaro upi umeziba. Mhandisi mwenye digrii mbili hawezi kuijua habari hiyo akiwa ofisini. Mama anayeuza vitumbua pembeni ya kalavati anaijua kwa moyo.

Nije kwenye hela, maana hapo ndipo wengi tunapoachana.

Tunatoa hela ya taka. Tunatoa hela ya ulinzi shirikishi. Wapo wanaotozwa hela ya barua ya utambulisho, kila ofisi na bei yake, bila risiti. Sisemi kila shilingi inaliwa. Nasema hatujui, na mtu asiyejua hudhani mabaya. Mwezi ambao gari la taka halikupita kabisa, mifuko ikachanwa na mbwa, na kesho yake mvua ikasomba kila kitu hadi kwenye mtaro, kijana wa risiti alikuja vilevile na kitabu chake. Tulipomuuliza, alisema yeye ametumwa tu. Mkataba na mzoa taka anao nani? Unasema apite mara ngapi kwa wiki? Asipopita tunarudishiwa nini? Maswali haya matatu yakijibiwa hadharani, nusu ya ugomvi wa taka jijini utaisha, na ninyi mtapumua kwa sababu hamtakuwa mnabeba lawama ya mtu mwingine.

Vivyo hivyo kwa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mtaani habari zake zinapita kwa kunong’onezana. Kikundi kinasikia leo kwamba fomu zilikwisha juzi. Nafasi ya kulitangaza jambo kama hilo ni mkutanoni, mbele ya kila mtu, na majina ya vikundi vilivyopata yasomwe hapohapo. Jirani akijua kwamba jirani amekopa hela ya umma, ulinzi wa hela hiyo unakuwa wa mtaa mzima.

Na ninaposema kila mtu, namaanisha pia sisi wapangaji. Nimesikia mwenzangu akinyamazishwa mkutanoni: “Wewe mpangaji, kesho unahama, haya ni ya wenye nyumba.” Kauli hiyo ni kosa. Anayehesabiwa kwenye mkutano wa mtaa ni mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe na hati ya nyumba au awe na ufunguo wa chumba kimoja. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Katika nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo yule mnayemwambia anyamaze ndiye anayelipa kodi ya jengo lisilo lake. Mwacheni aulize kuhusu mtaro.

Najua kinachowatia wasiwasi baadhi yenu. Mkutano ukiitishwa, watu watasema siasa. Mwaka 2014 mitaa mingi ya Dar es Salaam ilikwenda kwa upinzani. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa. Katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao walienguliwa kwa sababu ndogondogo. Wananchi wana maoni tofauti kuhusu uchaguzi ule, na mimi nina yangu. Ila hata yule anayeuona ulikuwa safi kabisa, naomba anikubalie jambo hili: kamati ya mtaa yenye wajumbe wa chama kimoja haina mtu mwenye sababu ya kuuliza swali gumu ndani ya kikao. Wote wanatoka kwenye kura za maoni zilezile, wanakutana tawini, wanasitiriana. Swali gumu litabidi litoke nje, kwenye uwanja wa shule, kwa mtu mwenye kanga begani asiye na cheo cha kupoteza. Mwenyekiti wa kamati ya namna hiyo anauhitaji mkutano wa wakazi kuliko mwenzake wa mwaka 2014, ambaye mpinzani alikuwa amekaa naye meza moja.

Mkiona mkutano una makelele, msiuvunje. Makelele ya saa mbili uwanjani ni nafuu kuliko minong’ono ya miaka mitano. Na grupu la WhatsApp la mtaa, ambalo linasaidia sana mtoto akipotea au maji yakikatika, lisiwe mbadala. Bibi wa nyumba ya tatu hana simu janja, kijana asiye na bando hayumo, na admini anaweza kumtoa mtu kwa sababu ya swali. Uwanjani hakuna wa kumtoa mwenzake.

Ombi langu la mwisho ni la tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini vipaumbele vya mitaa vinakusanywa miezi mingi kabla ya hapo, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Mkutano unaoitishwa Mei ni wa kutuarifu yaliyokwisha kupangwa. Unaoitishwa Oktoba au Novemba ndio tunaoweza kusema ndani yake kwamba mwaka huu tunataka kalavati kabla ya taa za barabarani, au zahanati kabla ya ukuta wa ofisi, na neno letu likawahi kikao cha kata. Itisheni basi kipindi hicho. Iwe Jumapili alasiri, waliokwenda kanisani wamerudi na swala ya alasiri imekwisha. Tangazo litoke wiki nzima kabla, lisomwe misikitini na makanisani, libandikwe gengeni, kwenye kituo cha bodaboda na kwenye bomba la maji. Ajenda ya kwanza iwe muhtasari wa mkutano uliopita, ya pili mapato na matumizi, ya tatu shida za wakazi. Wageni wasubiri ya nne.

Na mwenye mtaa ambako mkutano umekuwa ukiitishwa hivi miaka yote, namshukuru kwa dhati. Namwomba amweleze mwenzake wa mtaa wa pili anavyofanya.

Wenu katika ujenzi wa mtaa,

Mkazi na mpangaji,
Manispaa ya Kinondoni,
Dar es Salaam.